Maswali ya Wasomaji: Demo za Bure Zinatuambia Nini Kuhusu Mchezo Kamili?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinahusu demo, yaani kile kipande cha mchezo wa video ambacho kampuni hukitoa bure ili mtu akijaribu kwenye konsoli yake, yaani mashine ya kuchezea, kabla ya kuamua kununua mchezo mzima. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila kubadili maana, na nimezijibu kutokana na demo nilizozicheza mwenyewe hapa Uyole. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu swali lake ndilo linalozibeba nyingine zote.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, ninaishi Ilomba. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amenipa PS5 aliyokuwa akiitumia. Sina uwezo wa kununua michezo, kwa hiyo nimeanza kupakua demo. Tatizo ni kwamba bando linaisha haraka, na nikimaliza demo sijui kama mchezo wenyewe ni mzuri au nimevutwa tu na picha. Wewe umejaribu zipi, na unazipimaje? — Mwanafunzi, Ilomba, Mbeya

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tangu PS5 ilipoingia sokoni mwaka 2020, michezo mingi mikubwa imekuwa ikiuzwa kwa dola 70 nchini Marekani, na kwa mwanafunzi hiyo ni fedha ya chakula cha wiki kadhaa. Ndiyo maana demo ni kitu cha kuheshimiwa: inakupa nafasi ya kuujua mchezo kwa mikono yako mwenyewe, kwenye TV yako mwenyewe, bila kulipa chochote isipokuwa bando na umeme. Lakini kumbuka kwamba kipande hicho kimechaguliwa na muuzaji. Ukisimama Ilula kununua nyanya, utakuta zile kubwa na nyekundu zimepangwa juu ya ndoo. Hiyo haina maana kwamba za chini zimeoza, ila mnunuzi makini huingiza mkono. Katika demo, picha nzuri na muziki mzito ndivyo vinavyopangwa juu, kwa hiyo mimi huvifurahia lakini sivipi uzito mkubwa ninapoamua.

Ninachokipima ni yale ambayo ni vigumu kuyapamba. Nikibonyeza kitufe, mhusika anaitika papo hapo au anajivuta? Maandishi yanasomeka nikiwa nimekaa mahali ninapokaa siku zote, au inanilazimu kuisogelea TV? Nikishindwa, mchezo unanirudisha haraka au unanikalisha nikitazama skrini nyeusi? Na zaidi ya yote najiuliza hivi: hamu niliyobaki nayo inatokana na kile nilichokuwa nikikifanya, au inatokana na kile nilichoonyeshwa? Ulichoonyeshwa unaweza kukitazama YouTube kwa MB chache. Ulichokifanya ndicho utakachokuwa unakinunua, kwa sababu ndicho utakachokirudia kwa saa nyingi baada ya mshangao wa kwanza kwisha.

Kwa kuwa unayo PS5, anza na kitu ambacho hakikuhitaji ukitafute dukani. Astro's Playroom si demo kwa maana kamili, ni mchezo mfupi uliokamilika, lakini uliwekwa ndani ya PS5 tangu inatoka kiwandani ili kuonyesha uwezo wa pedi yake, yaani kile kifaa cha vitufe unachokishika mkononi. Kama kaka yako hakuufuta, bado umo. Kuna mahali ambapo kiroboti anatembea kwenye mvua, na ukiituliza mikono utasikia matone yakidondoka kwenye viganja, moja huku na jingine kule, si ule mtetemo wa jumla tuliouzoea kwenye pedi za zamani. Baadaye unabonyeza vitufe vya nyuma vya vidole vya shahada na unakuta vinakuwa vigumu kadiri springi inavyobanwa kwenye skrini. Nakushauri uucheze huu kwanza, kwa sababu ukishajua pedi hiyo inaweza kufanya nini, utaweza kutambua ni michezo ipi mingine imeitumia vizuri na ipi imeipuuza.

Demo iliyonifikirisha kuliko zote ni ya Final Fantasy XVI. Ilitolewa Juni 2023, siku chache kabla ya mchezo wenyewe kutoka tarehe 22 mwezi huo. Inakupa mwanzo wa hadithi, kama saa 2 hivi, na ukija kununua mchezo unaendelea pale ulipoishia bila kurudia. Hadithi ni ya kijana Clive, aliyepewa jukumu la kumlinda mdogo wake, na inaingia moyoni haraka. Hata hivyo, nilipojiuliza lile swali langu, niliona kwamba sehemu kubwa ya muda ule nilikuwa mtazamaji: nilitazama mazungumzo, nikapigana kidogo, nikatazama tena. Mtu anaweza kuiweka pedi chini akisema kwamba mchezo huu ni filamu, na kwa sehemu hiyo ya mwanzo peke yake nisingeweza kumpinga.

Lakini waliotengeneza demo hiyo waliliona tatizo hilo. Ukimaliza mwanzo, hufunguka sehemu ya pili iliyochukuliwa mbele zaidi katika mchezo, ambako Clive amekwisha kukua na ana uwezo mwingi zaidi wa kupigana. Hii ya pili haihamishiwi kwenye mchezo kamili. Kazi yake ni kukuonyesha vita vitakavyokuwa baadaye tu. Hapo ndipo mikono yangu ilipopata kazi: kukwepa dakika ya mwisho, kumvuta adui, kubadilisha nguvu moja hadi nyingine kabla hajaanguka. Naiona hiyo kuwa heshima kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu amepewa mwanzo na akapewa pia kitu cha kumsaidia kuhukumu yaliyo mbele. Basi usiishie ile sehemu ya kwanza. Kingereza cha mazungumzo kikikuzidi kasi, simamisha tukio na ufungue maelezo mafupi ya wahusika na nchi zao. Mchezo umeyaandaa kulingana na tukio linaloendelea, na yananifaa sana mimi ambaye husahau majina ya falme.

Demo ya Resident Evil 4, ile iliyotengenezwa upya na kutolewa Machi 2023, ina mwenendo tofauti kabisa. Ni fupi, haina hadithi ndefu, na haikuwekewa kikomo cha muda wala cha marudio. Unaingia kijijini, wanakijiji wanakugeukia, mwenye msumeno wa mashine anatokea, nawe unapaswa kubaki hai mpaka kengele ilie. Mara ya kwanza nilipiga risasi ovyo na zikaniishia. Niliporudia nilitambua kwamba risasi ya goti ikifuatwa na teke huokoa risasi kadhaa za kichwa, na kwamba kisu kinaweza kukinga hata ule msumeno, ila kisu chenyewe huchakaa kila kinapokinga, kwa hiyo kila ukinusurika umelipa. Kijiji ni kilekile, adui ni walewale, lakini kila marudio yalikuwa na uamuzi mpya. Demo ya namna hiyo haiachi shaka: ukichoka baada ya kurudia, mchezo haukufai, ukijikuta bado unapanga njia ya kupita kwenye zile nyumba hata ukiwa kwenye daladala ya Kabwe, fedha yako haitapotea. Tahadhari moja tu, kwamba ni mchezo wa watu wazima na una damu nyingi; nitalirudia hilo kwenye barua inayofuata.

Kwa mtu anayehesabu bando kama wewe, thamani kubwa kuliko zote niliikuta kwenye Dragon Quest XI S. Demo yake ilitolewa kwanza kwa Nintendo Switch mwaka 2019, kisha mwaka 2020 kwa PS4 na konsoli nyingine, na hiyo ya PS4 inacheza kwenye PS5. Inakupa takriban saa 10, na kumbukumbu zako, yaani hatua uliyofikia, zinahamia kwenye mchezo kamili. Vita vyake ni vya zamu: unachagua la kufanya, mwenzako anachagua, adui anajibu. Hauna haraka, na wapo watakaouona mzito. Mimi naupenda kwa sababu unampa mchezaji muda wa kufikiri, na kwa sababu saa 10 zinatosha kabisa mtu kujua kama ataweza kuishi na mwendo huo. Umeme ukikatika katikati ya vita hupotezi sana, alimradi una desturi ya kuhifadhi kila unapopita kanisani, maana huko ndiko mchezo huo unakohifadhia safari.

Sasa kuhusu bando. Usichanganye megabiti na megabaiti: kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, na megabiti 8 hufanya megabaiti 1. Kwa hiyo ukiwa na kasi ya megabiti 8, ambayo kwa hotspoti ya simu wakati wa jioni si mbaya, demo ya GB 10 itachukua sekunde 10,000, yaani karibu saa 2 na dakika 47, ikiwa mtandao hautayumba. Kabla ya kuanza kupakua, tafuta ukubwa wa demo na uulinganishe na kifurushi ulichonacho. Kama mtandao wako una kifurushi cha usiku cha bei nafuu, ianzishe muda huo na uiache konsoli kwenye hali ya kupumzika, ukiwa umeiruhusu kwenye mipangilio iendelee kutumia intaneti ikiwa katika hali hiyo. Upakuaji ukikatika huendelea ulipoishia, hauanzi upya. Zima pia masasisho ya kujipakua yenyewe, kwa sababu hayo ndiyo yanayolimaliza bando wakati mwenye konsoli yuko darasani. Na msimu wa mvua, radi za Mbeya unazijua: chomoa waya ukutani hata kama demo imefika asilimia 90.

SWALI: Binti yangu, mimi ni baba wa watoto watatu, makazi yangu ni Gangilonga, Iringa. Nilinunua PS4 nikiamini kwamba nisipowaunganishia watoto kadi ya benki hawataweza kuchukua mchezo wowote nisioujua. Juzi mdogo wao, mwenye miaka tisa, alishindwa kulala, nikagundua kwamba kaka zake walipakua demo ya kutisha kwa sababu ilikuwa ya bure. Nifanye nini, na je, zipo demo zinazowafaa watoto? — Baba, Gangilonga, Iringa

JIBU: Shikamoo baba. Pole kwa yaliyomkuta mtoto. Kutoweka kadi huzuia manunuzi, lakini demo hailipiwi, kwa hiyo kadi si mlango wake. Mlango wake ni umri ulioandikwa kwenye akaunti.

Michezo ya video huwekewa alama za umri na vyombo maalumu. Ulaya kuna PEGI, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18. Marekani kuna ESRB, iliyoanza mwaka 1994, ambayo hutumia herufi, na herufi M ni ya miaka 17 na kuendelea. Alama hizo huonekana kwenye ukurasa wa mchezo dukani, na ni busara kuichukulia demo kuwa ina umri uleule wa mchezo wake. Sasa, ikiwa watoto wanatumia akaunti yako, konsoli inaamini kwamba aliyeshika pedi ni mtu mzima na haina sababu ya kumzuia. Unapaswa kubaki na akaunti yako kama msimamizi wa familia, kisha kumfungulia kila mtoto akaunti yake yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na kuweka kiwango cha umri kwa kila mmoja. Demo iliyozidi kiwango hicho haitamfungukia.

Hayo peke yake hayatoshi. Weka nambari ya siri kwenye akaunti yako ili wasiingie kupitia kwako, kisha nenda kwenye vizuizi vya konsoli yenyewe uzuie kufungua watumiaji wapya na kuingia kama mgeni. Vizuizi hivyo vinalindwa na nambari ambayo kiwandani huwa 0000, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kulijua hilo, kwa hiyo ibadilishe siku hiyohiyo. Halafu ifute ile demo mbele ya yule mdogo, akuone. Wale wakubwa nao nisingewaadhibu sana kwa kitu kilichowekwa wazi dukani na kuandikwa kuwa ni bure; ningekaa nao na kuwaonyesha ile alama ya umri, ili wakati mwingine wajue kuisoma.

Kuhusu zinazowafaa, kwenye PS4 ipo My First Gran Turismo, iliyotolewa Desemba 2024 bila malipo. Imetokana na Gran Turismo 7 na ilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza: kuna masomo ya kuendesha, majaribio ya muda na mashindano machache. Nilipenda kwamba inamfundisha mtoto kufunga breki kabla ya kona na si ndani ya kona, na mtoto analiona kosa lake gari linapoteleza nje ya barabara. Watoto watatu wanaweza kupokezana pedi na kushindana kwa muda kwenye njia moja, kila mmoja akijaribu kuushinda wa mwenzake. Ikitokea siku moja mkapata Nintendo Switch, demo ya Kirby and the Forgotten Land ina hatua tatu na inachezwa na watu wawili kwa pamoja, jambo ambalo ni adimu kwenye demo. Yule mwenye miaka tisa anaweza kucheza na kaka yake badala ya kukaa pembeni akitazama.

SWALI: Habari za kazi. Ninaendesha kibanda cha gemu hapa Makambako, nina TV tatu na PS4 tatu. Wateja wananiomba michezo mipya na mtaji wangu ni mdogo. Naweza kuweka demo na kuwatoza kwa dakika kama ninavyofanya kwenye michezo mingine? — Mwenye kibanda, Makambako, Njombe

JIBU: Habari ni njema, ndugu yangu. Sikushauri. Programu zinazotolewa kwenye duka la PlayStation, demo zikiwemo, hutolewa kwa masharti ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, na kutoza watu kwa kitu ambacho mwenyewe amekitoa bure si haki hata kama hakuna atakayekuja Makambako kukuuliza. Zaidi ya hayo, mteja aliyelipa nusu saa akakatizwa na maandishi yanayomtaka anunue mchezo kamili atahisi amepunjwa, na lawama zitakuwa zako.

Zitumie demo kwa kazi nyingine. Kabla ya kununua diski, cheza demo ya mchezo huo kwanza kibanda kikiwa kimefungwa, na uutazame kwa macho ya biashara yako. Mchezo kama Dragon Quest niliousifu hapo juu hautakufaa, kwa sababu hakuna mteja atakayelipia saa 10 za mazungumzo. Unahitaji mchezo ambao mtu anauelewa ndani ya dakika chache, unaochezwa na wawili, na unaoanza haraka. Kama demo inachukua muda mrefu kufunguka, kila mteja atakuwa anakulia dakika hizo. Demo itakujulisha hayo yote kabla fedha haijatoka mfukoni. Na kwa vile PS4 nyingi ziliuzwa zikiwa na GB 500 tu, futa demo ukishaamua, usiziache zikijaza nafasi.

SWALI: Zamani nilizoea kucheza demo ya FIFA kila Septemba kabla ya mchezo kutoka. Siku hizi siioni. Je, iko mahali pengine? — Mpenzi wa soka, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Haipo. Ya mwisho ilikuwa ya FIFA 20, mwaka 2019. Mwaka uliofuata EA, kampuni inayoutengeneza, ilitangaza kwamba haitatoa demo ya FIFA 21 ili nguvu zielekezwe kwenye mchezo kamili, na tangu hapo demo hiyo ya kabla ya mchezo kutoka haikurudi, hata baada ya jina kubadilika kuwa EA Sports FC mwaka 2023. Kilichopo ni majaribio ya hadi saa 10 kwa wanaolipia huduma ya EA Play. Saa 10 ni nyingi, lakini anayelipia ndipo ajaribu si sawa na anayejaribu ndipo alipe, na mimi nasikitika kwamba mchezo unaopendwa kuliko yote mitaani kwetu ndio uliofunga mlango huo. Demo ile ilikuwa na timu chache na kipindi kifupi, lakini ilimtosha mchezaji wa mwaka uliopita kujua kama mwendo wa wachezaji umebadilika kiasi cha kumfanya anunue upya.

Kampuni ya Konami ilikwenda njia nyingine: tangu Septemba 2021, eFootball, mrithi wa mchezo wake wa soka wa PES, ni ya bure yote, na inapata fedha kwa kuwauzia wachezaji vitu ndani ya mchezo. Kwa hiyo unaweza kuijaribu bila kikomo, alimradi una intaneti ya kudumu na una moyo wa kutonunua kila mchezaji anayetangazwa. Haikuwa hivi siku zote katika tasnia hii. Enzi za konsoli ya Xbox 360, Microsoft iliutaka kila mchezo unaouzwa kwenye Xbox Live Arcade, duka lake la mtandaoni la michezo midogo, uwe na sehemu ya kujaribu bure, na kwa maoni yangu utaratibu ule ulimtendea mnunuzi haki kuliko huu wa sasa unaoacha kila kampuni iamue yenyewe.

SWALI: Dada, mimi niko Njombe mjini. Niliona demo imeandikwa kwamba ipo kwa muda maalumu. Nilipofungua konsoli kesho yake nilikuta imefungwa ingawa tarehe ilikuwa haijaisha. Tena rafiki yangu ananiambia zipo demo ambazo ukizifuta huzipati tena. Ni kweli? — Msomaji, Njombe

JIBU: Yote mawili ni kweli. Kuna demo zinazopimwa kwa dakika: ya Resident Evil 2, Januari 2019, ilimpa kila mchezaji dakika 30 mara moja tu. Kuna zinazopimwa kwa tarehe: ya Resident Evil Village, mwaka 2021, ilikuwa na dakika 60 na ilipangiwa siku moja tu ya kuchezwa mwanzoni mwa Mei, na wachezaji walipolalamika Capcom, kampuni iliyoutengeneza, iliusogeza mwisho hadi karibu wiki moja. Mimi siyapendi masharti hayo. Mtu akihesabiwa dakika huanza kukimbia, na mchezo wa kutisha unaochezwa mbiombio haumtishi wala haumfundishi chochote kuhusu mchezo wenyewe. Linganisha na Octopath Traveler ya Switch: demo yake ya kwanza, mwaka 2017, ilifuatwa na maswali kwa wachezaji, watengenezaji wakarekebisha mchezo kwa kufuata majibu, kisha demo ya pili mwaka 2018 ikatoa saa 3 na kuruhusu kumbukumbu zihamie kwenye mchezo kamili. Hapo pia palikuwa na kikomo, lakini saa 3 zinamruhusu mtu kutembea.

Kuhusu zinazopotea, mfano maarufu ni P.T., iliyotolewa Agosti 2014 kwa PS4. Ilikuwa ni ukumbi mmoja wa nyumba unaojirudia kila ukipita mlangoni, na ndani yake kulikuwa kumefichwa tangazo la mchezo wa Silent Hills uliokuwa ukiandaliwa na mtengeneza michezo Hideo Kojima pamoja na mwongoza filamu Guillermo del Toro. Mchezo huo ulifutwa, na mwishoni mwa Aprili 2015 Konami ikaiondoa demo dukani. Waliokuwa wameifuta kwenye konsoli zao hawakuweza kuipakua tena, na PS4 zilizobaki nayo zikaanza kuuzwa kwa bei kubwa. Kwa hiyo demo unayoipenda, hasa ya mchezo ambao bado haujatoka, usiifute kwa sababu ya nafasi tu. Hamishia nyingine kwenye diski ya nje.

Tarehe iliyokuchanganya ni ya saa za wenzetu. Matangazo mengi hutumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, au za pwani ya magharibi ya Marekani, na saa za Afrika Mashariki hutangulia UTC kwa saa 3. Demo ikiandikwa kwamba inafungwa tarehe 10 saa 00:00 UTC, kwetu ni saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 10, na asubuhi utakayoamka kuicheza itakuwa imeshafungwa. Ikitajwa saa 00:00 ya pwani ya magharibi ya Marekani, ongeza saa 10 wakati wa kiangazi chao na saa 11 wakati wa baridi yao, ambayo ni saa 4 asubuhi au saa 5 asubuhi hapo Njombe. Ukiona tarehe peke yake bila saa, ihesabu siku inayotangulia kuwa ndiyo ya mwisho, na upakue mapema.